Mjumbe Aliyerudi Kuwa Kijana

Wasichana wa studio, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Najua mnachokitaka hasa ni kisa cha bango. Kila nikianza kukieleza mteja anaingia, nami nanyamaza, kwa hiyo mmekuwa mkikipata vipande vipande. Leo hakuna mteja. Niko nyumbani, nimekunywa chai yangu, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu hakuna mtu mbele yangu wa kumwambia ainue kidevu. Nitasema mpaka mwisho.

Mambo ya mshahara na vyeo siyaandiki. Studio yetu pale Ruwi ilikuwa na chumba cha mbele, chumba cha nyuma na chumba cha giza. Mtu akipandishwa cheo angepanda wapi? Ghorofa ya juu ilikuwa ya fundi cherehani.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Sisi tumekuja Maskati kutoka Unguja nikiwa mdogo. Nyumbani tulisema Kiswahili, nje Kiarabu, na mama akikasirika vyote viwili kwa pamoja. Hiyo ndiyo elimu iliyonipatia kazi. Mwenye studio, Bwana Inasi, alikuwa Mgoa ambaye baba yake alikuwa na studio Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini hasa, kilichonyooka kuliko changu. Wakati ule wanawake walikuwa wakihitaji picha za pasipoti na za vitambulisho, na wengi hawakutaka kufunua uso mbele ya mwanamume. Bwana Inasi aliweka tangazo dirishani kwamba anatafuta mwanamke mwenye subira. Subira sikuwa nayo, lakini sikumwambia.

Siku ya kwanza hakunipa kamera. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akawasha taa zote mbili, akatoka. Nikabaki pale najiuliza mikono niiweke wapi. Taa zinachoma, jasho linanishuka shingoni, nahisi pua yangu imekua. Aliporudi aliniuliza, "Unajionaje?"

"Najiona mwizi," nikamwambia.

"Basi umejua. Kila anayekaa hapo anajiona hivyo. Kazi yako ya kwanza si kupiga picha. Kazi yako ni kumfanya mtu asahau kwamba amekaa hapo."

Nyinyi mna kompyuta, na kasoro mnaiondoa kwa kidole. Sisi tulikuwa na penseli. Tuliichonga mpaka ncha ikawa ndefu kama sindano, tukaweka filamu juu ya kioo chenye taa chini yake, na tukagusa, tukagusa, mpaka macho yanatoa machozi. Bwana Inasi alikuwa na sheria moja tu ya penseli. Chunusi itaondoka yenyewe wiki ijayo, kwa hiyo iondoe. Kovu litabaki, liache.

"Na mikunjo?" nilimwuliza.

"Mikunjo ni mali ya mtu. Ameifanyia kazi."

Sheria yangu mwenyewe niliiongeza baadaye: mwanamke akipigwa picha kwetu, anaondoka na picha zake na filamu yake. Hatukuweka hata kipande. Kwa ajili hiyo wanawake walitujia kutoka mbali, wengine na waume zao, ambao walisimama nyuma ya pazia wakiuliza "Bado?" kila nilipovuta pumzi. Mume mmoja aliuliza mara nyingi mno mpaka mkewe akaangua kicheko, na picha ya pasipoti ikatoka anacheka. Ofisi iliirudisha. Mke alikataa kuitupa, akasema ndiyo pekee iliyofanana naye.

Sasa tuje kwa Sheikh Hamdun.

Alikuja mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ile ya tisini, alipotaka kugombea kiti cha wilaya katika Baraza la Shura, ndilo bunge letu. Jina la wilaya silitaji. Wapiga kura wake wengi bado ni wateja wenu. Enzi hizo mabango hayakuwepo. Mgombea alikwenda baraza moja hadi nyingine, akinywa kahawa na kusalimia, na kilichohitajika kwetu ni picha moja ndogo ya kuwekwa kwenye karatasi ya kura, ili asiyejua kusoma amtambue mtu wake kwa sura.

Alikuwa na sura nzuri ya mtu mzima, ndevu zimeanza kuchanganyika nyeupe na nyeusi, kilemba kimekaa vizuri. Aliponisikia nasema Kiswahili na Bwana Inasi, uso ukamfunguka. "Kumbe wewe mwenzetu! Mimi mtu wa Bumbwini, mwanangu. Nimezaliwa huko, nimekula mihogo ya huko." Tukazungumza habari za Unguja mpaka taa zikapata moto. Halafu akaingia mzee mmoja wa kabila lake, wa kutoka ndani ya nchi, akakaa kusubiri. Sheikh Hamdun akamgeukia na kumweleza kwa Kiarabu kizito kwamba ukoo wao haujatoka milimani tangu enzi za mababu. Nimeona watu wengi waliovuka bahari, lakini sikuwahi kumwona aliyeivuka kwa kugeuza shingo tu.

Picha ilitoka vizuri, naye akashinda.

Alikuwa ameahidi mambo mengi, na moja lilinihusu. Dada yangu Nasra alikuwa ameolewa Hulaila, kijiji cha pwani kupita Yiti, akisomesha shule ya pale. Hulaila mbele ni bahari, nyuma ni milima, na kati ya kijiji na barabara kuna wadi, yaani bonde la mto ambalo mwaka mzima karibu lote ni kokoto kavu. Unavuka kwa miguu wala ndala haziroani. Lakini mvua ikinyesha milimani, hata kama juu yako jua linawaka, wadi linashuka na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mawe ndani yake, na kijiji kinakuwa kisiwa. Sheikh Hamdun aliahidi kivuko cha saruji. Aliahidi mara ya kwanza akashinda. Muhula ukaisha, akaahidi mara ya pili, akashinda tena.

Katika muhula huo wa pili Nasra alishikwa na uchungu wa uzazi na wadi likiwa limeshuka. Walimpakia kwenye pikapu, wakafika ukingoni, wakasimama. Mtoto alizaliwa hapo hapo nyuma ya gari, juu ya godoro, kwa mikono ya mama mkwe wake, Bibi Ghaniya. Mtoto mzima na mama mzima, alhamdulillahi, lakini damu ilimtoka Nasra nyingi, na mpaka leo hasemi habari za siku ile. Bibi Ghaniya ndiye aliyenisimulia. Mjumbe wetu, Sheikh Hamdun, alipopata habari alituma halwa na salamu za pongezi. Aliyeileta halwa alikaa ng'ambo akisubiri maji yapungue.

Mwaka uliofuata nilikwenda Hulaila na kamera, maana wanawake wa kule walitaka kujiandikisha kupiga kura na walihitaji picha. Nilitundika shuka jeupe sebuleni kwa Nasra. Bibi Ghaniya alikaa wa kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, amelelewa Pemba mpaka ukubwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri.

"Nipige," akaniambia. "Lakini usinipunguze kitu."

"Sikupunguzi, bibi."

"Na hii picha mjumbe ataiona?"

"Hataiona. Ni ya kadi yako tu."

"Basi faida yake nusu," akasema, akatazama kamera kama anayeidai.

Ukaja mwaka wa uchaguzi mwingine, na safari hii wagombea wakaruhusiwa kutundika mabango. Nyinyi mmekua mkiyaona, kwenu ni kitu cha kawaida. Kwetu ilikuwa kama harusi ya mji mzima. Wanaume ambao hawakuwahi kupigwa picha ila ya pasipoti walitaka kuwa wakubwa kama nyumba. Studio ilijaa majoho. Bwana Inasi alikuwa ameshastaafu na kurudi Goa, na chumba cha giza kilikuwa kimegeuzwa stoo ya maboksi, kwa sababu kamera mpya hazikuwa na haja ya giza. Mimi ndiye niliyebaki mkubwa.

Sheikh Hamdun alikuja na mshauri. Kijana mwenye miwani, jina lake Talib, amesoma ng'ambo elimu ya kuwauza watu. Hakukaa. Alizunguka taa zangu akizitazama kwa huruma.

"Khala," Sheikh akaniambia, yaani mama mdogo, ingawa kwa umri ananizidi, "nataka wanione nina nguvu."

Mtu mwenyewe alikuwa amechoka. Ndevu zote zilikuwa nyeupe, mifuko chini ya macho, na kisukari kimempunguza mwili. Alikuwa akijidunga sindano kila siku, mwenyewe aliniambia, na dawa ilisafiri naye kwenye kisanduku cha barafu ndani ya gari. Nilimweka taa kwa upande, nikaiinua kidogo ili macho yapate nuru, nikamwuliza habari za Bumbwini. Alipoanza kueleza jinsi alivyokuwa akiiba miwa, nikapiga. Picha ile mpaka leo naipenda. Ilikuwa ya mzee aliyeona mambo na bado anaweza kucheka.

Talib aliitazama kwenye kioo cha kamera. "Nzuri," akasema. "Sasa mwondolee miaka."

"Mingapi?"

"Anza kuondoa, nitakwambia ukifika."

Nikamweleza habari ya chunusi na kovu. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Sheikh alikuwa akijitazama kwenye picha. Nilimwonea huruma, maana nilijua anaona nini. "Kwa karatasi ya kura itatumika hii hii," nikamwambia. "Huko hawaruhusu kupaka rangi. Watu watatazama bango, kisha watakutafuta kwenye karatasi."

"Wataniona tu," akasema. "Nani hanijui?"

Talib akachukua picha, akaipeleka kwenye matbaa, yaani kiwanda cha kuchapa, moja ya kule Ghala, kati ya gereji na maghala, ambako walikuwa na kompyuta isiyojua kusema basi.

Nililiona bango siku chache baadaye nikiwa ndani ya teksi, pale kwenye mzunguko. Kwanza sikumjua. Ndevu nyeusi kama lami mpya, mashavu yamejaa, ngozi haina hata tundu la kinyweleo. Chini kumeandikwa jina la Sheikh Hamdun na maneno "Uzoefu Mnaoujua."

Dereva wa teksi akatikisa kichwa. "Huyu kijana ana adabu," akasema. "Anagombea kwa jina la baba yake."

Sasa sikilizeni. Sheikh Hamdun alikuwa na mtoto wa kiume, Muadh, wa miaka thelathini na kitu, akifanya kazi ya kukagua mizigo Bandari ya Sultan Qaboos. Matbaa ya Ghala, katika kumrudisha baba nyuma, ilikuwa imemfikisha pale pale alipo mtoto. Bango lile lilikuwa Muadh mtupu.

Alinijia studio na nguo za kazi, amekasirika kwa upole, maana ndivyo alivyo.

"Khala, wewe ndiye uliyempiga baba picha?"

"Nimempiga baba yako. Yule wa barabarani sikumpiga mimi."

"Watu wananisimamisha. Asubuhi hii mwenye kontena amenipa mkono na kuniambia ameshawaambia nduguze wote wanipigie kura. Ami zangu hawasemi nami, wanasema namgeukia baba yangu akiwa hai. Jana nimekwenda kununua samaki, muuzaji ananiuliza nitafanya nini kuhusu bei ya barafu."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nitaliangalia." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akajishika kichwa. "Sijui kwa nini nimesema hivyo."

Nilimtengenezea chai. Alisema amemwomba baba yake aliondoe bango, na baba amemjibu kwamba Talib anasema vijana wanalipenda. "Nyumbani limetundikwa ukumbini," akasema. "Mama amelifunika na kanga. Anasema hawezi kula huku anatazamwa na mtoto wake mwenye kilemba cha mumewe."

Wiki moja kabla ya kura, Sheikh Hamdun alikwenda Hulaila kuzungumza na wanawake, nami nilikodiwa kupiga picha. Gari lake lilikuwa la chini, haliwezi kokoto za wadi, kwa hiyo dereva aliliacha ng'ambo chini ya mwamba na sisi tukavushwa kwa pikapu ya kijiji. Mbingu ilikuwa safi. Bango tulilibeba sisi, mimi na Talib, kila mmoja upande wake, na upepo ukatusukuma kama tanga.

Walikuwa wamejenga hema karibu na shule. Bango likasimamishwa, na Sheikh akasimama kando yake. Hapo ndipo kosa lilipoonekana, kwa sababu barabarani bango lilikuwa peke yake. Hapa walikuwa wawili.

Sheikh akaanza kwa Kiarabu cha milimani. Akasema yeye ni mtoto wa ardhi hii na wazee wake hawakuwahi kuipa kisogo. Akasema kivuko cha Hulaila kiko moyoni mwake. Bibi Ghaniya, aliyekaa mbele, akanyanyua mkono.

"Huyu wa kwenye picha atakuja saa ngapi?"

Talib akajibu, "Mama, ni huyu huyu Sheikh."

Bibi Ghaniya akamtazama Sheikh, akatazama bango, akatazama tena Sheikh. Hema lote likafanya hivyo hivyo, kama watu wanaovuka barabara.

"Mwanzo alikuja mtu mzima," akasema. "Tukampa kura. Akaja mwenye mvi, tukampa. Sasa mnasema ni kijana. Kama amerudi nyuma, basi amerudi kabla hajatuahidi, na sisi hatuna la kumdai. Ndiyo hesabu yenu?"

Wanawake walicheka mpaka hema likatikisika. Sheikh Hamdun naye alicheka, na kwa hilo nampa haki yake. Halafu akaahidi kivuko.

Baada ya hotuba ilikuja halwa. Kila nyumba ilikuwa imepika yake, na mgombea hawezi kula ya nyumba hii akaacha ya nyumba ile. Nilimwona akila sahani baada ya sahani, mkono juu ya kifua akishukuru, na mimi nikakumbuka kisanduku cha barafu kilichobaki garini. Nikamnong'oneza Talib. Akasema watarudi garini sasa hivi, na Sheikh atadungwa sindano.

Wakati anasema hivyo tukasikia sauti kama lori linalomwaga kokoto, lakini haliishi kumwaga. Wanaume wakakimbia kutazama. Juu yetu jua lilikuwa linawaka. Wadi limeshuka.

Tulisimama ukingoni, wote. Ng'ambo tulimwona dereva amepandisha gari juu kidogo, anatupungia mikono yote miwili. Tulimpungia na sisi. Hapakuwa na jambo lingine la kufanya. Talib akatoa simu, akaiinua juu, akaishusha, kisha akauliza kama kuna njia nyingine. Watoto wa shule wakamwonyesha bahari.

Mchana ulipokwenda, Sheikh alianza kuomba maji. Akanywa, akaomba tena. Tulimlaza sebuleni kwa Nasra, palepale nilipotundika shuka siku ile. Akatapika. Midomo ikamkauka, maneno yakawa yanamjia polepole, na mimi nikaogopa, kwa sababu baba yangu alianza hivyo hivyo. Talib alikaa mlangoni amevua miwani, analia bila sauti. Sikumdharau. Alikuwa mtoto wa watu, na elimu yake haikuwa na somo la siku ile. Nasra alipanda juu ya paa la shule, mahali pekee penye mtandao, akampigia Muadh bandarini.

Bibi Ghaniya alikaa kichwani kwa Sheikh akimnywesha kwa kijiko. Na pale, macho yamefumba, yule mtu wa milimani ambaye wazee wake hawakuwahi kuipa ardhi kisogo akasema kwa Kiswahili kitupu cha Unguja, "Mama, nnaona kiu. Nipe maji ya mtungini."

Bibi Ghaniya akasimamisha kijiko. Akanitazama. "Hivi huyu mwenzetu?"

"Mtu wa Bumbwini," nikamwambia.

"Na siku zote ananihutubia Kiarabu nisichoelewa nusu yake." Akamwinamia. "Baba, ungesema tangu mwanzo. Tungekugombeza vizuri." Kisha akaendelea kumnywesha, na tangu hapo alimwita mwanangu.

Muadh alipitia nyumbani kuchukua dawa, akaomba boti ya mashine kwa rafiki yake pale Mutrah, akaja kwa njia ya bahari. Jua lilikuwa bado halijatua tulipoiona boti inaingia. Watu wote walishuka pwani. Aliruka majini kabla boti haijagusa mchanga, kisanduku begani, kanzu imelowa mpaka kiunoni, anakimbia. Nikasikia mwanamke nyuma yangu anasema kwa sauti ya mshangao, "Huyu hapa. Huyu wa kwenye picha."

"Amekuja kweli," akasema mwingine.

Muadh alipita katikati yao bila kutazama mtu, akaingia ndani, akapiga magoti, akamdunga baba yake sindano. Halafu akabaki ameushika mkono wa mzee, anausugua kama mtu anayemtoa mwenzake baridi. Nilikuwa na kamera shingoni. Sikuipiga picha ile. Nilikodiwa kwa mkutano, na mkutano ulikuwa umekwisha.

Asubuhi Sheikh Hamdun aliamka mnyonge lakini mwenye akili zake. Wadi lilikuwa bado halipitiki. Aliomba apelekwe ukingoni. Akakaa pale juu ya kiti cha plastiki, Muadh upande huu na Bibi Ghaniya upande ule, akayatazama maji muda mrefu.

"Dada yako alizaa wapi?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

Nikamwonyesha mahali. Hakuahidi. Katika mihula yote ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiwa mbele ya wadi asiahidi.

Siku ya kura wanawake wa Hulaila walikuja na basi mpaka kwenye shule ya kupigia kura. Niliwakuta nje baadaye. Baadhi walikuwa wamekasirika, wamemtafuta Muadh kwenye karatasi ya kura wasimwone. Bibi Ghaniya alikuwa ametulia.

"Nimempa mzee," akaniambia.

"Baada ya yote yale, bibi?"

"Kwa sababu ya yote yale. Huyu ameshakwama. Nikimchagua mpya, itabidi tumsubiri na yeye akwame. Mimi sina umri huo."

Inaonekana wenziwe wengi walifikiri hivyo, kwa sababu Sheikh Hamdun alishinda, na watu walisema kura za Hulaila ndizo zilizomvusha. Talib aliwaeleza watu wa magazeti kwamba siri ya ushindi ilikuwa bango. Baadaye nilisikia ameajiriwa na kampuni ya kuuza marashi, na anafanya vizuri.

Kivuko kilijengwa kabla ya mvua zilizofuata. Cha saruji, kipana, na matundu makubwa chini ya maji kupita. Nilikwenda kupiga picha za ufunguzi. Utepe ulikuwa umefungwa vizuri upande wa barabara, lakini kijiji hakikuwa kimesubiri; walikuwa wanavuka tangu saruji ilipokauka. Sheikh akikata utepe, basi la shule lilikuwa nyuma yake linapiga honi, limechelewa masomo. Alisogea pembeni, akalipisha kwanza. Nasra alikuwa ndani ya basi. Alinipungia mkono dirishani, hakuangalia chini kwenye wadi.

Muhula huo ulipokaribia kwisha, Sheikh Hamdun alitangaza kwamba hatagombea tena. Mwezi wangu wa mwisho kazini Muadh aliingia studio, amevaa joho na kilemba, ndevu zimechongwa, uso umeiva. Watu wa Hulaila walikuwa wamemfuata mpaka nyumbani, akaniambia, na safari hii ami zake wamekubali.

Nikamkalisha, nikawasha taa. Akainua kidevu kabla sijamwambia, kisha akakishusha.

"Khala, nna ombi. Ule uso wa bango watu bado wanaukumbuka. Wakiniona hivi watasema ni picha ile ile ya baba, nimeiokota stoo." Akajigusa mashavu. "Huwezi kunizeesha kidogo?"

"Hilo halina haja ya kompyuta, mwanangu," nikamwambia, nikarekebisha taa. "Wakikupa kile kiti, kaa mihula miwili tu."